Breath of the Wild: maswali wanayouliza wachezaji wa Lamu na wazazi wao

Chumba chetu cha gemu kiko Langoni, ndani ya kichochoro, na gemu inayogombaniwa kuliko zote, hata mpira, ni The Legend of Zelda: Breath of the Wild. Ilitoka tarehe 3 Machi 2017 kwenye konsoli, yaani mashine za gemu, za Nintendo Switch na Wii U, na mpaka leo huingia watu ambao hawajawahi kuigusa. Maswali yao hufanana. Nimeyakusanya hapa na majibu yake, ya wachezaji kwanza na ya wazazi baadaye, ingawa nawaomba wazazi wasome yote.

Hadithi yenyewe inahusu nini?

Kijana aitwaye Link anaamka pangoni baada ya kulala miaka 100. Hakumbuki kitu. Ufalme wa Hyrule umeanguka: zimwi liitwalo Ganon liliuvamia, likaziteka mashine zilizojengwa kuulinda, na mashujaa wanne waliokuwa wakiziendesha mashine kubwa wakauawa. Tangu hapo Zelda, binti wa mfalme, yumo ndani ya kasri akilizuia zimwi lisitoke. Nguvu zinamwishia. Link anatakiwa aende.

Hayo unaambiwa karibu yote katika saa chache za mwanzo. Kinachobaki ni namna wewe utakavyofika huko, na hiyo ndiyo hadithi hasa. Wawili wakicheza gemu hii hadi mwisho kisha wakakutana Mkunguni kusimuliana, kila mmoja atakuwa na safari yake, na hakuna atakayemwambia mwenzake kwamba amekosea.

Mbona inaitwa Zelda na mimi namcheza Link?

Gemu ya kwanza ya jina hili ilitoka Japani mwaka 1986, ikiongozwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Ilifuata mtindo wa ngano nyingi za dunia: binti wa mfalme ametekwa, kijana asiye na jina kubwa anaokota upanga, anakwenda kumkomboa. Jina likabaki la binti. Katika Breath of the Wild mambo yamegeuka kidogo, kwa sababu vita Zelda ndiye aliyevishika kwa miaka 100 wakati shujaa amelala. Na wasichana wanaoniuliza watamcheza yeye lini, jibu ni kwamba wanaweza sasa hivi: gemu ya Echoes of Wisdom, ya Septemba 2024, imempa yeye safari nzima.

Link ni bubu? Mbona hasemi?

Si bubu. Akiulizwa jambo, unaletewa majibu mawili au matatu kwenye skrini na wewe unachagua. Sauti yake ya maneno ndiyo usiyoisikia, ingawa watu wengine kwenye gemu hii wanasema kwa sauti.

Bibi akitamba ngano usiku haendelei mpaka ajibiwe. Yeye husema "Paukwa!", na asipopata wa kumwitikia "Pakawa!" ngano haitoki. Hadhira ina kazi yake. Watungaji wa Zelda wameacha pengo la namna hiyo hiyo katikati ya hadithi: shujaa ananyamaza ili aliyeshika padi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea, aitikie. Kaa chumbani jioni moja usikilize vijana wanavyozungumza. "Nimeanguka." "Nimeungua." "Nipisheni, nataka kuvuka." Sijapata kusikia mtu akisema Link ameanguka.

Kwa hiyo mtu akinilalamikia kwamba shujaa hana tabia, humwambia atazame tabia yake mwenyewe. Kuna anayekimbilia kila pambano, kuna anayezunguka nyuma ya kilima, kuna anayetumia jioni nzima kufuga farasi. Gemu inawapokea wote.

Nimezunguka saa nzima na sijaambiwa niende wapi. Nimekosea?

Hapana. Uko kwenye ile nyanda ya juu ya mwanzo, iliyozungukwa na magenge, na huwezi kushuka salama mpaka upewe mwavuli wa kupaa. Watungaji wamekufungia hapo kwa makusudi. Humo mna vihekalu vinne, yaani vyumba vya mafumbo, mlima wa baridi kali, maji, moto, maadui wadogo na mzee mmoja mwenye siri yake. Kila kitu utakachohitaji baadaye kinafundishwa hapo, na kwa sehemu kubwa unafundishwa na mahali penyewe. Ukipanda mlima bila nguo nzito, mioyo, zile alama za uhai wako kwenye skrini, inaanza kupungua. Utatafuta nguo, au utapika pilipili ule, au utatembea na mwenge unaowaka mkononi. Njia zote ni halali.

Ukishashuka, barabara zimekwisha. Unaweza kufuata ushauri wa kwenda kijiji cha Kakariko. Unaweza pia kwenda moja kwa moja kasrini kupigana na Ganon ukiwa na mioyo mitatu, na wapo duniani waliofanya hivyo wakashinda. Wewe usijaribu bado.

Na hadithi ya zamani, ile Link aliyoisahau, imetawanywa nchini. Kwenye kibao chako cha Sheikah, kile kifaa cha skrini anachobeba Link, mna picha za mahali mbalimbali. Ukipatambua mahali, ukasimama pale pale, kumbukumbu inarudi: Zelda akiwa amekata tamaa, mvua, mazungumzo chini ya mti. Utazipata kwa mpangilio usio wa wakati, na kuziunga ni kazi yako. Aliyetembea Takwa, kule Manda, ameshazoea kusoma hadithi ya namna hii. Msikiti umebaki, visima vimebaki, kaburi lenye nguzo limebaki, na unatembea humo ukijiuliza wenyewe waliondokaje. Hyrule nayo ina vijiji vilivyoungua ambavyo hakuna anayekueleza habari zake. Unakuta zizi tupu na gurudumu lililovunjika, basi.

Mbona silaha zinavunjika? Inaudhi!

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote na nalielewa. Unapata upanga mzuri, unapiga adui kadhaa, unapasuka mkononi. Vijana wengine huacha gemu hapa.

Fikiria ingekuwaje usingevunjika. Ungeshika upanga ule ule mpaka mwisho, na kila sanduku ambalo ungelifungua baadaye lingekuwa na kitu usichokihitaji. Sheria ya kuvunjika inakulazimisha uangalie kote: kuna jiwe juu ya genge naweza kulisukuma liwaangukie? Nyasi hizi zinawaka? Yule adui ameweka rungu lake chini akalala, naweza kunyata nikalichukua? Uhaba ndio unaotengeneza vituko. Hata visa vinavyosimuliwa chumbani kwa sauti ya juu huanza hivi: "Sikuwa na silaha hata moja..."

Ushauri wa vitendo. Usiweke akiba silaha nzuri kwa "siku ya siku". Zitumie kwa adui wakubwa, ambao nao huacha nzuri zaidi. Silaha iliyokaribia kuvunjika irushe, maana pigo la mwisho la kurusha huumiza mara mbili. Watafute Korok, vile viumbe vidogo vya msituni vilivyojificha chini ya mawe na juu ya minara, kwani mbegu zao huongeza nafasi za kubebea. Wako 900. Huhitaji wote, na sikushauri uwatafute wote.

Upanga mkuu, ule wa hadithi, hauvunjiki kabisa. Huchoka tu, ukarudi baada ya dakika kumi.

Mvua ikinyesha nateleza. Radi ikipiga nakufa. Nifanyeje?

Hali ya hewa kwenye gemu hii ni sheria kamili, si pambo. Jiwe lililolowa linateleza, kwa hiyo subiri chini ya mwamba au washa moto mahali pakavu ukae mpaka mvua iishe. Radi inafuata chuma: upanga ukianza kutoa cheche mgongoni, vua chuma chote haraka, ubaki na cha mbao. Wakali wa hapa wamegeuza hilo kuwa mtego. Wanamrushia adui upanga wa chuma wakati wa dhoruba, wanarudi nyuma, wanaiachia radi kazi. Nyasi zikiwaka, hewa ya moto inapanda juu, na ukifungua mwavuli wako inakuinua.

Watoto wa Matondoni na Shela huniuliza sana kuhusu bahari. Mna vyelezo vyenye tanga, na ukipunga jani kubwa la Korok upepo unajaza tanga kinatembea. Mpiga upepo amesimama juu ya chombo hicho hicho! Mtu yeyote aliyekulia kwenye dau anajua haiwezekani, na mabishano huwa makali. Lakini sheria ya gemu si lazima iwe ya duniani. Inatakiwa iwe moja, leo na kesho, ili mchezaji aiamini na kupanga mambo kwa kuitegemea. Jani linasukuma kila mara. Hilo linatosha.

Niongeze mioyo au pumzi?

Kila kihekalu kinakupa tunu moja, na tunu nne unazibadilisha kwa moyo mmoja au kwa kuongeza lile duara la kijani la pumzi ambalo hupungua ukikimbia, ukipanda na ukipaa. Vihekalu ni 120 katika gemu ya kawaida.

Mimi husema pumzi kwanza. Ukiwa na pumzi unafika mahali ambapo wengine hawajafika, na mahali hapo mna vitu. Mioyo utaipata pia kwa chakula. Ila uking'ang'ania kuutoa upanga mkuu jiweni unahitaji mioyo 13 ya kwako, ile ya njano ya chakula haihesabiwi. Unaanza na mitatu. Kila mnyama mkubwa wa mashine utakayemkomboa, tembo, ngamia, mjusi na ndege, anakupa mmoja. Ukiwamaliza wote wanne umebakiza sita, yaani vihekalu 24.

Vyakula gani vinafaa?

Tupa vitu hadi vitano kwenye sufuria. Kanuni kubwa ni kutochanganya faida mbili: cha kuzuia baridi na cha kuongeza kasi vikiwa sufuria moja vinafutana, unabaki na chakula cha kawaida. Doriani ni dawa. Hata moja ikipikwa peke yake inajaza mioyo yote na kuongeza ya njano juu. Usiku wa mwezi mwekundu, kuanzia saa tano na nusu hadi saa sita na robo, kila upishi hutoka na nyongeza.

Na ndiyo, pilau ya kuku imo: mchele, kuku, yai na siagi ya mbuzi. Akina mama waliopita mlangoni wakaona yai linaingia kwenye pilau wametoa maoni yao, na nakubaliana nao.

Mwezi mwekundu ni nini? Maadui niliowaua wamerudi wote.

Kila baada ya siku saba hivi za mchezo, na siku moja ya mchezo ni dakika 24 za kwetu, mwezi unapanda mwekundu na Zelda anakuonya kwa sauti. Saa sita ya usiku maadui wanafufuka. Watungaji walihitaji nchi ijazwe upya, la sivyo mchezaji wa muda mrefu angebaki akizurura mahali patupu bila adui wala silaha za kuokota. Wangeweza kuwarudisha kimyakimya tu. Badala yake wamelifanya hitaji hilo kuwa sehemu ya hadithi, kwamba ni nguvu za Ganon zinazofurika, na Zelda anachoka. Nawaomba vijana wanaotaka kutunga gemu waitazame sana sehemu hii.

Nimekwama ndani ya kihekalu. Mnaweza kunionyesha jibu?

Tunaweza, lakini kama ilivyo desturi ya vitendawili: kwanza utoe mji.

Kabla hujautoa, jaribu haya. Kibao chako kina mabomu, sumaku ya kuinua chuma, uwezo wa kusimamisha kitu kisiende, na uwezo wa kuchomoa nguzo za barafu majini. Jiulize ni kipi kati ya hivyo hujakigusa. Kitu kilichosimamishwa ukikipiga mara nyingi, nguvu zote zinajikusanya, na muda ukiisha kinaruka kwa kishindo. Kama umeme haufiki kwenye mlango, panga silaha zako za chuma chini mpaka zishikane, zinapitisha. Watungaji hawakuweka jibu moja tu, waliweka sheria, na jibu lolote linalofuata sheria linakubaliwa. Nimeona kijana akivuka kihekalu kwa njia ambayo sote chumbani hatukuitegemea, na mlango ukafunguka.

Kila adui mkubwa ana siri yake?

Karibu kila mmoja. Hinox, lile jitu la jicho moja, lipige mshale jichoni. Jitu la mawe lina fundo la madini mwilini, mara nyingi mgongoni. Panda ulipige hapo. Guardian, ile mashine ya miguu mingi, ina jicho la buluu, na mwali wake unaweza kurudishwa kwa ngao ukiisukuma mbele sawasawa na mpigo. Hata kifuniko cha chungu kinaurudisha, mkono ukiwa hodari.

Mtoto wa Lamu hahitaji kufundishwa kanuni hii. Ameshaambiwa kwamba Fumo Liyongo hakuwa akiingiwa na mkuki wala mshale, na kwamba kilichomuua ni sindano ya shaba, kitovuni, akiwa usingizini, mkononi mwa mwanawe. Siri ya mwili ni kanuni ya masimulizi kote duniani. Tofauti ni kwamba kwenye gemu siri hiyo unaitafuta wewe, kwa macho, huku unapigwa. Na kuna tofauti nyingine inayonigusa zaidi: sisi tunasimuliwa habari ya Liyongo kutoka upande wake, tukimlilia. Hakuna anayelilia Hinox.

Mimi mzazi. Gemu hii ina ubaya gani?

Swali zuri, mama, na nitakujibu kinaganaga. Shirika la kupanga umri la Marekani limeiweka kwa watoto wa miaka 10 na zaidi, la Ulaya miaka 12. Kuna mapigano ya panga na mishale, hakuna damu. Adui akifa anageuka moshi. Pombe inatajwa, na mna mavazi machache ya kike yanayoonyesha tumbo.

Kuhusu dini, mna sanamu za mungu wa kike wa Hyrule, na Link husimama mbele yake kubadilisha zile tunu. Siwezi kukuficha hilo. Wapo wazazi walioona ni ngano tu kama zile za majini na mazimwi, wakawaruhusu watoto baada ya kuzungumza nao. Wapo walioona haifai, na watoto wao hucheza mpira au mashindano ya magari. Tunaheshimu yote mawili, tuambie tu. Adhana ikisikika padi zinawekwa chini, na saa za madrasa mlango umefungwa.

Mwanangu hajui Kiingereza vizuri. Ataelewa?

Kiswahili hakimo kwenye gemu hii, na linaniuma. Ila chumbani pamezuka desturi ambayo sikuianzisha mimi. Mkubwa mmoja hukaa nyuma ya mchezaji akasoma maandishi na kuyasema kwa Kiswahili, huku akiongeza sauti: mzee wa nyandani anasema kizee, mfalme wa samaki anasema kwa madaha. Wengine wanasogea kusikiliza. Aliyeshika padi anachagua, msomaji anatamba, waliobaki wanaitikia. Watoto kadhaa wameanza kusoma wenyewe kwa kutaka zamu ya kuwa fanani.

Umeme ukikatika kazi yangu inapotea?

Switch ina betri yake. Gemu pia inajihifadhi mara kwa mara, na kila mtu ana akaunti yake. Usimwachie mwenzako acheze kwenye akaunti yako.

Tunaweza kutengeneza gemu ya Lamu?

Mnaweza, na ningependa mwanzie kwa Liyongo. Tazameni kisa cha kifungo chake kwa jicho la mtunga gemu. Shujaa amefungwa minyororo. Hawezi kusema wazi kwa kuwa walinzi wanasikia, basi anatunga wimbo, kijakazi Saada anaupeleka kwa mama yake. Mama anaelewa, anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Mkate mzuri walinzi wangeula. Wa wishwa wanauacha upite. Halafu anahitaji kelele ya kufunika sauti ya tupa, ndipo anapotaka ngoma ipigwe. Humo mna ujumbe wa fumbo, kitu kilichofichwa, walinzi wenye tabia inayotabirika, na sauti inayokufichua au kukuficha. Ni kihekalu kizima, na kilitungwa karne nyingi kabla ya konsoli.

Programu ya kutengenezea gemu iitwayo Godot ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Msianze na kisiwa kizima. Anzeni na chumba kimoja, mlinzi mmoja na mkate mmoja, mpime kama mtu asiyejua kisa anaweza kutoka bila kuelezwa. Asipoweza, badilisheni sheria, msimwongezee maelezo. Kompyuta ya chumbani iko wazi asubuhi za Jumamosi kwa wanaotaka kujaribu. Njooni na daftari, maana mengi ya kazi hii hufanyika kwenye karatasi kwanza.